Kifaa cha kupasha damu na fedha za utafiti za serikali ya Marekani: kampuni ndogo ianzie NIH au Wizara ya Ulinzi?

Msomaji mmoja, muuguzi wa chumba cha dharura anayeishi Marekani kwa ukaazi wa kudumu, ameniandikia. Yeye na mumewe, ambaye ni mhandisi wa umeme, wamesajili kampuni ndogo na wametengeneza kielelezo cha kwanza cha kifaa cha betri cha kupasha damu kabla haijaingia mwilini mwa majeruhi. Wanaona kinafaa kwenye ambulensi na pia vitani. Amesikia kuna mpango wa serikali uitwao SBIR unaotoa fedha za utafiti bila kudai hisa. Anauliza mambo mawili: aombe Taasisi za Taifa za Afya, NIH, au Wizara ya Ulinzi? Na akishapokea fedha, je, serikali itachukua uvumbuzi wake? Kwa sasa bado ameajiriwa hospitalini muda wote.

Dada, nianze na majibu yenyewe, sababu zifuate. Ombi la kwanza lipelekeni NIH, lakini mazungumzo na watu wa jeshi yaanzeni sasa hivi bila kusubiri. Uvumbuzi unabaki wenu, mradi muwe makini na makaratasi. Ila ajira yako ya hospitali ndiyo itakayokukwamisha kabla hata sayansi haijaangaliwa, kwa hiyo tuanzie hapo.

Masharti ya kampuni mnayatimiza. Lazima iwe ya kutafuta faida, ifanye shughuli zake Marekani, isizidi wafanyakazi 500 pamoja na kampuni zenye uhusiano nayo, na kwa kawaida zaidi ya nusu ya umiliki iwe mikononi mwa raia wa Marekani au wakaazi wa kudumu. Tatizo ni mtafiti mkuu. Chini ya SBIR, mtu huyo lazima awe mwajiriwa wa kampuni kwa zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi, tangu tuzo, yaani fedha hizo, inapotolewa hadi mradi unapoisha. Sheria haidai uache kazi siku ya kuomba, ila siku fedha zikija huwezi kuwa muuguzi wa muda wote kwingine na papo hapo mtafiti mkuu wa SBIR. Njia nyepesi ni mumeo awe mtafiti mkuu kama yeye anaweza kuacha kazi yake, nawe uwe mtaalamu wa kitabibu wa mradi.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi katika hali yako hawaijui. Mwaka 1992 uliundwa mpango pacha, STTR, unaoitaka kampuni ndogo ishirikiane rasmi na taasisi ya utafiti isiyo ya faida. Kampuni inafanya angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi angalau asilimia 30, na mtafiti mkuu anaruhusiwa kuwa mwajiriwa wa taasisi hiyo. Hospitali isiyo ya faida inaweza kuhesabiwa kuwa taasisi ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba mwajiri wako huyohuyo anaweza kuwa mshirika wako. Lakini usibishe mlango wa ofisi yao ya utafiti kabla ya kusoma mkataba wako wa ajira, hasa kipengele cha uvumbuzi. Hospitali nyingi huandika kwamba kinachobuniwa na mfanyakazi kuhusiana na kazi yake ni mali ya hospitali. Kama kielelezo mlikitengeneza nyumbani, kwa fedha zenu, nje ya zamu, pata barua ya maandishi ya hospitali inayokiri hivyo. Nimeona kampuni zenye kifaa kizuri zikisambaratika mwaka wa tatu, mwekezaji alipouliza barua hiyo na haikuwapo.

Sasa NIH na jeshi. Ili uelewe kwa nini tofauti yao ni kubwa, jua mpango huu ulivyojengwa. Ulianza mwaka 1977 ndani ya Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, kwa juhudi za mtumishi mmoja wa umma, Roland Tibbetts, aliyeamini kwamba kampuni ndogo zilikuwa na mawazo makubwa ila hazifikii fedha za utafiti wa serikali. Mwaka 1982 Rais Reagan alitia saini sheria iliyoueneza serikalini. Leo kila wizara au wakala wenye bajeti inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya wakala huo hutakiwa kutenga angalau asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa SBIR. Kwa hiyo hakuna mfuko mmoja mahali fulani unaogawa fedha. Kila wizara hutumia fedha zake kutafuta majibu ya matatizo yake, kwa taratibu zake. Wizara ya Ulinzi ina fungu kubwa kuliko zote, na wizara ya afya, ambako karibu fungu lote hupitia NIH, ni ya pili.

NIH hutoa ruzuku. Wazo ni lako, na wao huuliza kama sayansi yake imesimama na kama itamsaidia mgonjwa. Ombi lako husomwa na jopo la wataalamu kutoka vyuo, hospitali na kampuni. Alama ya jumla huanzia 10 hadi 90, na ndogo ndiyo bora. Maelezo ya utafiti ya awamu ya kwanza, ile ya kuthibitisha wazo kabla ya awamu ya pili ya kuliendeleza, hayazidi kurasa sita, na kabla yake kuna ukurasa mmoja wa malengo. Huo ukurasa mmoja ndio ombi lako. Wengi kwenye jopo hawatasoma kwa makini zaidi ya hapo, isipokuwa wale wachache waliopangiwa ombi lako.

Kwa hiyo usiandike: “Tutaboresha kifaa chetu na kukifanyia majaribio.” Sentensi hiyo haina pa kushindwa, na jopo halitoi fedha kwa jaribio lisiloweza kushindwa. Andika kitu cha namna hii: “Tutapasha chembe nyekundu zilizohifadhiwa, kutoka nyuzijoto 4 hadi 38, kwa kasi ya mililita 150 kwa dakika, huku chembe zinazopasuka zikibaki chini ya asilimia 1.” Hapo mkaguzi ana kitu cha kushika. Anajua damu ikipita nyuzijoto 42 hivi chembe huanza kuharibika, anajua damu ya baridi humshushia joto majeruhi na kuharibu ugandaji wa damu yake, na ataona kwamba wewe uliyekaa kando ya vitanda hivyo unalijua tatizo kwa undani.

Lakini mkaguzi mhandisi atakuja na kalamu. Mfuko wa mililita 500 kutoka nyuzijoto 4 hadi 38 unahitaji takriban kilojuli 65, sawa na saa-wati 18. Kwa kasi hiyo ya mililita 150 kwa dakika, mfuko unaisha kwa sekunde 200, kwa hiyo hita yenu lazima itoe karibu wati 325 mfululizo, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Je, betri yenu ndogo inatoa hizo bila yenyewe kuchemka? Inapasha mifuko mingapi kabla ya kuchajiwa? Na sehemu inayogusana na damu imetengenezwa kwa nini? Mwaka 2019 FDA, wakala wa serikali unaodhibiti dawa na vifaa vya tiba, ilitoa tahadhari kuhusu kipasha damu kimoja kilichokuwa sokoni, kwa kuwa aluminiamu ilikuwa ikiingia kwenye kimiminika kutoka kwenye sahani ya joto isiyofunikwa. Swali hilo litakuja tu. Liwekeni jibu lake ndani ya ombi wenyewe, msisubiri kuulizwa.

Wizara ya Ulinzi ni kitu kingine kabisa. Yenyewe kwa kawaida hutoa mkataba. Hutangaza mada zilizoandikwa na watu wake wenyewe: tunahitaji kifaa cha kufanya hivi, kisizidi uzito huu, kistahimili vumbi, mtikisiko na baridi, kiendeshwe na askari mtoa huduma ya kwanza aliyevaa glavu gizani. Nyuma ya kila mada kuna mtu mwenye shida halisi, na pengine mwenye bajeti. Mada za tiba ya vita hutoka zaidi kwenye mpango wa afya wa jeshi na kwa watafiti wa tiba wa Jeshi la Nchi Kavu walioko Fort Detrick, Maryland. Kama mwaka huu hakuna mada ya kupasha damu, sayansi yenu hata ikiwa nzuri namna gani haina pa kuingilia, isipokuwa kupitia mada huria, ambazo Jeshi la Anga lilianza kuzitumia mwaka 2018: hapo unaleta teknolojia yako na kuonyesha nani jeshini anaihitaji.

Ndiyo maana nasema anzeni kuzungumza sasa. Mada zinapochapishwa, kuna siku chache kabla ya maombi kufunguliwa rasmi ambapo unaruhusiwa kumpigia aliyeandika mada na kumwuliza chochote. Dirisha likifungwa, maswali hupita kwenye mfumo wa maandishi unaosomwa na wote. Katika simu hiyo msiuze kifaa. Ulizeni: mnatumia nini sasa, kinawaudhi wapi, na nani atakinunua kikifanya kazi? Jibu la swali la tatu likiwa ukimya, mmejua jambo muhimu kabla ya kutumia wiki sita kuandika.

Kwa nini basi NIH kwanza? Kwa sababu swali lenu la sasa ni la kisayansi: joto la kasi hivyo linaifanya nini damu? NIH inalipia swali la aina hiyo hata kama hakuna aliyelitangaza. Pili, ukikataliwa unapata maoni ya wakaguzi kwa maandishi, na una nafasi ya kuleta ombi lilelile likiwa limerekebishwa ndani ya miezi 37. Wengi hupata katika raundi hiyo ya pili. Tatu, majaribio ya binadamu na wanyama jeshini hupitia ukaguzi wa ziada wa jeshi lenyewe juu ya ule wa taasisi yako, na huo unaweza kumeza muda wote wa awamu ya kwanza. Kwenye awamu ya kwanza, popote mtakapoomba, fanyeni kazi ya maabara tu, kwa damu iliyohifadhiwa ambayo muda wake wa kutumika umeisha.

Kuhusu kiasi, sheria ya mwaka 2011 iliweka kiwango cha dola 150,000 kwa awamu ya kwanza na milioni 1 kwa ya pili, vikipanda kufuata mfumuko wa bei. Mwaka 2024 kikomo ambacho wakala angeweza kutoa bila ruhusa maalumu, yaani kiwango hicho pamoja na nusu yake, kilikuwa kimevuka dola 300,000 na milioni 2. Wizara ya Ulinzi mara nyingi hutoa awamu ya kwanza ndogo zaidi ya hapo, na kwa kawaida hulipa kila unapowasilisha ripoti iliyokubaliwa, kwa hiyo muwe na akiba ya kuwalipa watu wenu mkisubiri. NIH inawaruhusu pia kuomba ada ya faida, kwa kawaida isiyozidi asilimia 7, ambayo mko huru kuitumia hata kwa gharama za hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ambazo ruzuku yenyewe hailipii. Iombeni. Wengi huiacha kwa kuona haya.

Sasa hofu yako kubwa: nani mwenye uvumbuzi? Chini ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, kampuni ndogo inayobuni kitu kwa fedha za serikali inaweza kubaki na umiliki. Serikali hupata leseni ya kukitumia kwa shughuli zake bila kulipa mrabaha, na leseni hiyo haiwazuii kukiuza kwa wengine. Lakini haki hiyo ina saa inayotembea. Mtu wenu akishaandika uvumbuzi na kuuripoti ndani ya kampuni, mna miezi miwili kuutangaza kwa wakala aliyewapa fedha, kisha miaka miwili ya kuamua kama mnautwaa, kisha mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi la hataza, au mapema zaidi kama mmeshauweka hadharani. Mkipitisha tarehe, serikali ina haki ya kudai umiliki. Kwa yale mliyobuni kabla ya fedha za serikali, fungueni ombi la awali la hataza kabla ya mradi kuanza, ili mpaka kati ya cha zamani na kipya usiwe na utata.

Kuna haki nyingine ambayo naiona ya thamani zaidi ya hataza kwa kampuni kama yenu, nayo ni haki za data. Michoro, matokeo ya majaribio, programu inayodhibiti hita, vyote mlivyozalisha kwa fedha za SBIR vinalindwa kwa miaka 20 tangu tuzo itolewe, kwa mwongozo uliotolewa mwaka 2019. Kwa kipindi hicho serikali haiwezi kumpa mshindani wenu michoro hiyo atengeneze kifaa kwa bei nafuu. Ila ulinzi huo hutegemea maneno maalumu ya angalizo yaliyo kwenye mkataba, ambayo lazima yaandikwe kwenye kila hati mnayowasilisha. Hebu fikiria mumeo anatuma barua pepe ya haraka kwa ofisa wa mradi, ameambatanisha jedwali la mkondo wa betri na faili la programu, bila angalizo. Jedwali hilo sasa linahesabika limetolewa bila masharti. Jeshini kuna muda wa miezi sita wa kuomba kurekebisha, lakini kama limeshasambazwa, limeshasambazwa. Tengenezeni violezo vya ripoti vyenye angalizo tayari kwenye kila ukurasa, na mtu asitume kitu chochote nje ya hivyo.

Haki hizi hushikamana na awamu ya tatu. Awamu hiyo haina fedha za SBIR hata senti. Inachobeba ni ruhusa: wakala yeyote wa serikali anaweza kuwapa mkataba wa kuendeleza au kununua kile kilichotokana na kazi yenu ya awali bila kuitisha zabuni upya, bila kikomo cha kiasi wala cha miaka. Maofisa wengi wa manunuzi hawaijui ruhusa hii vizuri. Kampuni inayoijua na kuingia mkutanoni na kifungu cha sheria mkononi hupata mikataba ambayo nyingine huambiwa zisubiri zabuni. Na kazi iliyolipiwa na NIH inafungua awamu ya tatu jeshini pia. Ndiyo maana kuanzia NIH hakuwafungii mlango wa Pentagon.

Hata hivyo, kati ya awamu ya pili na mauzo kuna shimo ambalo limemeza kampuni nyingi nzuri. Ruzuku haikupi kibali cha FDA. Kipasha damu chenu huenda kikapita njia ya kulinganishwa na kifaa kilichokwisha kuruhusiwa, na hiyo ni nafuu, lakini majaribio ya usalama wa umeme, ya nyenzo zinazogusa damu na ya kuhakikisha hakuna vijidudu yana gharama ambazo lazima zianze kupangwa ndani ya bajeti ya awamu ya pili. Ombeni kikao cha awali na FDA mapema, hakilipiwi. Jeshi nalo, kwa kawaida, halitanunua kwa wingi kifaa cha tiba kisicho na kibali hicho, kwa hiyo mnunuzi wenu wa kwanza anaweza kuwa huduma ya ambulensi inayobeba damu. Kampuni zilizofika mbali kupitia mpango huu, kama Illumina ya mashine za kusoma vinasaba au iRobot ya roboti, zilipata wanunuzi nje ya ruzuku.

Mambo machache ya haraka. Baadhi ya mada za ulinzi zimefungwa na sheria za udhibiti wa teknolojia za kijeshi. Ukaazi wa kudumu unakutosha kwa nyingi, lakini mfanyakazi mwenye viza ya muda lazima atajwe na anaweza kuzuiwa. Tangu mwaka 2022 waombaji hutakiwa kueleza uhusiano wowote wa kifedha au kikazi na nchi za nje, hasa China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Kama kiwanda cha China ndicho kiliwatengenezea bodi za kielelezo, tangazeni wazi panapoulizwa. Utafiti wenyewe lazima ufanyike Marekani. Kujisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya wanaoomba ruzuku na mikataba, ni bure na huchukua wiki kadhaa; barua pepe zinazodai malipo ya usajili zipuuzeni. Vituo vya APEX Accelerators, vinavyofadhiliwa na serikali, husaidia kampuni ndogo na mikataba bila malipo, na ningevitumia kabla ya kumlipa mwandishi yeyote anayeahidi ushindi.

Na kabla ya kuandika neno moja, angalieni kama maombi yako wazi. Bunge hutoa idhini ya mpango huu kwa vipindi. Mwaka 2022 ilihuishwa siku ya mwisho kabisa, na tarehe 30 Septemba 2025 ikaisha bila kuhuishwa, matangazo mapya yakasimama. Hali ilivyo huonekana kwenye SBIR.gov. Tarehe za kawaida za NIH ni 5 Januari, 5 Aprili na 5 Septemba. Zikiwa wazi, msikimbilie iliyo karibu. Mpeni ofisa wa programu wa taasisi ya moyo, mapafu na damu iliyo ndani ya NIH ule ukurasa mmoja wa malengo, mwezi mmoja au miwili kabla, na mwombe dakika ishirini za simu. Akisema wazo haliwahusu, mwulize linamhusu nani.

Lakini hiyo barua ya hospitali ije kwanza. Ukiipata, niandikie tena pamoja na ukurasa wa malengo, tuupitie mstari kwa mstari.